Kombi ya Baba

Fundi Elinami hakutaja bei.
Alizima redio, akasema: washa.
Nikawasha. Ukuta wa gereji, hapa Pasua,
ukapata madoa mawili ya chai ya rangi.
"Hii haioni," alisema. "Na haionekani."

Kumbe umeme ulikuwa unachoka njiani,
ukipita swichi ya mwaka sabini na mbili
kama maji ya mfereji
yakifika kihamba cha mwisho.
Akaweka rileyi, waya mnene,
akasugua kutu hadi chuma kikacheka.

Bampa nilikataa isitobolewe.
Baba aliipaka mwenyewe, kijani cha mgomba.
Basi akabandika utepe mwekundu
chini kabisa, ubavuni,
mahali ambapo mchana huuoni.

Saa tatu usiku tukapanda Kibosho.
Ukungu. Kona ya pili, ng'ombe katikati;
nilimwona mapema,
hata pembe yake iliyovunjika.
Nyuma yetu lori likapunguza mwendo,
likakaa mbali, kwa adabu.

Usiku ule wa Himo
baba alikuwa kando ya barabara,
jeki mkononi, koti jeusi,
taa zimekufa,
na yule dereva aliapa, akilia,
kwamba hakuona kitu.

Nilimwamini leo.