Magunia Kumi na Manne

Barua imefika Jumanne kutoka kusini,
bahasha mbili, moja ndani ya nyingine,
kama mtu aliyevaa koti juu ya koti kwa aibu.
Kazi yangu ni kunakili. Maoni sijaulizwa.
Nakili: Serikali inaikumbusha Serikali ndugu
umeme wa miezi kumi na tisa,
mahindi ya mwaka ule mvua ilipogoma,
na riba, ambayo haikugoma hata siku moja.

Nikahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu. Nane.
Nikahesabu tena. Tisa.
Mkuu wa ofisi akasema, andika nane,
watatusahihisha wenyewe.

Saa kumi umeme ukakatika,
Katuba giza, Ruashi giza, Kamalondo vibatari.
Ukarudi saa moja, ukitokea wapi?
Kulekule kusini, kwenye waya uleule.
Nikaketi nikamalizia:
naandika deni la umeme
kwa mwanga wa umeme wa deni.

Nyumbani nikamkuta Bana Chileshe.
Amevuka Kasumbalesa juu ya lori la saruji,
nyusi nyeupe kama amezeeka njiani,
amekuja kudai.
Mama anadaiwa magunia kumi na manne ya unga,
yameandikwa katika daftari la shule la mdogo wangu:
ukurasa huu hesabu za kugawanya,
ukurasa wa pili hesabu za kukopa.
Mdai hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akashika mwiko,
akasonga bukari kwa unga wake mwenyewe usiolipwa,
akalalamika kwamba maji hayakuchemka sawasawa.

Tukala kwa sombe na ndakala. Tukanawa.
Ndipo daftari likafunguliwa.
"La Machi?"
"La Machi lipo."
"Na chumvi uliyoniletea kwenye msiba wa Musonda,
na vile vitenge viwili, mbona hukuandika?"
"Msiba hauandikwi."
"Mimi niliandika," akasema,
akatoa daftari lake kifuani,
limefungwa kwa kipande cha nailoni, lina joto.

Nikazikumbuka bahasha zangu.
Hakuna mtu wa kusini atakayepanda lori la saruji
aje atushikie mwiko.
Wao na sisi tuna tajiri mmoja, wa mbali;
huyo hulipwa tarehe mosi, kabla hajakohoa.
Jirani angoje, jirani ana moyo, jirani ataelewa.
Halafu siku moja, kwenye hoteli yenye zulia,
watu wawili wenye tai watalifuta deni, watapigwa picha,
na hakuna atakayeuliza nani aliyala mahindi yale
wala nani, kule, alilala njaa ili yauzwe.
Kukopa harusi, wamesema, kulipa matanga.
Harusi hatukualikwa;
matanga ndiyo tumeambiwa tupike.

Kwa kimbelembele changu nikasema:
"Bana Chileshe, si umsamehe tu, hata nusu?
Mataifa yanasameheana."
Mama akanigeukia kwa macho
niliyoyaona mara mbili tu tangu nizaliwe.
"Asithubutu! Akinisamehe,
atapita hapa kufuata nini?"
Mgeni akacheka hadi akashika mbavu.
"Mtoto wa ofisi huyu."

Wakakata gunia moja kwa chumvi.
Kwa vitenge wakabishana, taa ikazimwa,
wakaendelea gizani, sauti mbili kitanda kimoja,
wakakata la pili.
Yakabaki kumi na mawili.
Alfajiri mama akamkopesha nauli:
kumi na moja na nusu.
Nilipofungua mlango niende kazini
nikajikwaa kizingitini kwenye gunia jipya.

Mkuu ananiuliza kama barua imekwisha.
Bado, nimemwambia.
Imebaki sifuri moja.