Mche

Lori la maji halijapanda tangu Jumatatu.
Ndoo imefika elfu moja hapa Luchingu,
na mimi ni msusi: kichwa kimoja hunywa ndoo mbili
kabla hakijakubali kitana.

Usiku ule nikakaa na chupa, nikaisoma.
Kondishena ya bei, niliyoiagiza Mtwara mjini,
nikailipia nauli kama mgonjwa anayerudishwa kwao.
Nikatafuta kwa kidole kilichoandikwa kwanza kabisa.
Maji.
Kumbe nilikuwa nanunua maji mara mbili:
ya lori,
na haya ya chupa, yaliyotiwa harufu ya tufaha,
tunda ambalo Newala halijawahi kuota.

Nikasema basi, nitapika isiyo na tone.

Nta alinipa Chilumba, mrina asali wa Mkoma,
kaifunga kwenye gazeti, na mguu wa nyuki ndani yake.
Ufuta ulikamuliwa Kitangari.
Mafuta ya nazi yalipanda kutoka Mikindani
ndani ya chupa ya soda, kizibo kikiwa kitambaa.
Nyonyo nilichuma mwenyewe nyuma ya choo,
zinakoota bila kuombwa,
nikazikaanga, nikazitwanga, nikazichemsha
mpaka jirani akauliza nani anaumwa.

Sufuria ndogo nikaiketisha ndani ya kubwa
kama mtoto anayeogeshwa,
na maji yale ya chini sikuyamwaga,
jioni yalipika chai.

Mara ya kwanza: kikombe cha nta, kikombe cha mafuta.
Haki sawa. Nikampaka dada yangu Somoe
siku moja kabla ya unyago wa binti wa shemeji yake.
Nywele zikasimama kama mshumaa uliozimwa na upepo.
Ndoo tatu hazikuitoa yote.
Alikwenda na kilemba, akacheza na kilemba,
akarudi, akachukua chaki,
akaandika mlangoni pa saluni: 3,000.
Kila mteja anauliza ile ni bei ya nini.

Mara ya pili niliiogopa nta.
Kikombe kimoja kwa sita.
Hapa kwetu juu, kwenye baridi, iliganda vizuri tu.
Nikamuuzia mwanafunzi anayesoma Masasi.
Masasi ikaiyeyusha kwenye begi,
na daftari zima la jiografia
likang'aa, mito na milima,
unaona ukurasa wa tano kupitia wa kwanza.
Nilimrudishia hela yake. Daftari nikalinunua pia.

Ya tatu, kimoja kwa vitatu,
vikombe vya kahawa, na kijiko cha nyonyo.
Nikamimina kwenye vifuu nilivyovisugua kwa mchanga.
Kitu kinachoganda hakipendi kutazamwa,
lakini nilitazama:
ukungu ulianzia ukingoni, ukaingia taratibu katikati,
kama ule wa bonde la Ruvuma unaotukuta asubuhi.
Nikagonga kifuu. Ikatoka yote,
nusu duara, rangi ya uji wa ulezi,
na alama ya kifuu mgongoni.

Fidea muuguzi ndiye aliyeipa jina.
"Nipe mche mmoja," alisema, kama wa sabuni.
Mwanamume aliyekuwa akipita na baiskeli akafunga breki.
"Mche? Wa mkorosho?
Kwa bei za mwaka huu hata bure sipandi."
Tulicheka mpaka kitana kikaniponyoka.

Leo Somoe amekuja bila kuitwa.
Ameketi, amefungua kilemba, hasemi.
Nikamlowesha kwa kikombe kimoja cha maji,
nikaupitisha mche juu ya utosi, nyuma ya masikio,
pale penye kidonda kidogo cha utotoni
ninachokijua mimi na mama tu.
Ukalainika kwa joto la kichwa chake.
Kitana kikaingia, kikatoka,
hakikugombana na mtu.
Nikasuuza kwa kikombe cha pili.

Akajishika nywele. Akanusa vidole.
Akainuka, akaenda mlangoni,
akafuta tatu kwa kiganja,
akaandika mbili.
"Hizo zilizobaki," akasema, "ni za unyago."