Cherehani Katika Wimbo wa Tatu

Mimi ndiye ule mdundo.
Wimbo wa tatu, dakika ya pili, sikizeni:
tak-tak-tak, kimya, tak-tak.
Gazeti la Nairobi limeandika kwamba huo ni
"mdundo wa makusudi, kilio cha viwanda vilivyofungwa."
Hapana, bwana. Ni kaptula.
Kaptula hamsini na mbili za shule ya msingi,
na mwalimu mkuu kanipigia simu mara tatu,
shule zinafunguliwa Jumatatu.

Shufaa amepanga juu yangu, hapa Tudor,
chumba kimoja, madirisha mawili,
godoro kalisimamisha ukutani limeze mwangwi.
Alipoachana na wenzake wa Taa za Buxton
(wao walitaka harusi, yeye alitaka kimya)
alipandisha gitaa na kompyuta kwa ngazi
peke yake, akakataa kusaidiwa.
Miezi saba akarekodi usiku.
Miezi saba nami nikashona usiku,
maana mchana ni wa wateja na ubishi wao.

Sasa albamu imetoka na wasemaji wamesema.
Kithinji wa gazetini kampa nyota mbili na nusu.
Ile nusu ndiyo iliyoniuma:
mtu hupewa shati au hunyimwa,
hapewi mkono mmoja.
Asema sauti ni nyembamba.
Leso ilishtakiwa lini
kwa kuwa si blanketi?
Asema tena kwamba albamu ya Mombasa
haina bahari ndani yake.
Kaimba foleni ya hospitali,
mamake na kadi mkononi tangu alfajiri;
kaimba mwenye nyumba anayebisha kwa ufunguo.
Bahari iko palepale, bwana Kithinji,
njoo uitazame, haina kiingilio.

Famau wa redioni alikuwa na lake:
"Si taarabu, si chakacha. Basi ni kitu gani?"
Akaupiga wimbo wa kwanza, akaukata katikati
kwa tangazo la mabati.

Lakini binti mmoja wa chuo, simjui,
aliandika kurasa nne katika jarida lao
kwamba aliisikiliza yote gizani,
na ilipokwisha akampigia babake,
ambaye walikuwa hawasemezani
tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Sijui kama huo ni uhakiki.
Nimeukata kwa mkasi wa kitambaa,
ule ambao mwanangu akikatia karatasi tunagombana,
nikauweka katika droo ya vifungo.

Mimi je? Hakuna aliyeniuliza.
Ningesema: mabega yamekaa.
Kiuno kimebana, wimbo wa tano na wa sita,
maneno mengi, pumzi haba.
Wa mwisho haukupindwa;
nyuzi zinaning'inia, ukiuvuta utafumuka.

Nilimwambia hivyo alipoteremka
na gauni la onyesho, nimpunguzie inchi mbili.
Alisimama juu ya kigoda, pini pindoni,
akanyamaza hata nikadhani nimeharibu.
"Fundi," akasema, "ule nimeuacha makusudi."
Nikasema haya.
Sikuamini. Hata yeye, nadhani.
Kisha, akiutazama ukuta:
"Wamenunua watu mia moja na kumi na wanne."
Mia na kumi na wanne!
Mimi nikipata wateja hao
nanunua cherehani ya umeme, nakwambia,
na bango jipya lenye jina langu bila kosa.
Akacheka. Pini ikamchoma.

Jana usiku nilisikia kiti kikivutwa juu,
koo likisafishwa, gitaa likitafuta sauti yake.
Nikainua mguu kwenye pedali.
Nilikuwa na mikono sita ya blauzi bado,
lakini nimeshaandikwa gazetini mara moja,
yatosha.
Juu, kimya.
Chini, kimya.
Kisha kisigino sakafuni, mara mbili.
Nikakanyaga.