Mmoja na Nusu

Nilifika El Alto nikiisukuma.
Kule Caranavi, bondeni, ilikuwa haina neno:
gunia la kahawa nyuma, tope hadi kwenye ekseli.
Lakini kila kona ya mlima iliipunguzia nguvu,
na huku juu, penye theluji ya jana kando ya lami,
ikatema moshi mweusi, ikakohoa mara mbili,
basi.

Eusebia Tarqui hakuniuliza jina.
Alifungua plagi, akaigeuza kwenye mwanga:
nyeusi tii, masizi kama ya sufuria ya kuni.
“Haiumwi,” alisema. “Imevimbiwa.
Inakula chakula cha bondeni
na huku hakuna hewa ya kukisaga.”

Nikamwambia asiguse skrubu ya hewa.
Aliiweka kaka yangu Rolando
kwa bisibisi yenye mpini wa utepe wa bluu,
Jumapili moja, redio ikisoma matokeo ya mpira,
na tangu mto umchukue pamoja na daraja
hakuna mkono mwingine uliopita pale.

Alinyamaza. Akafuta vidole kwenye sketi,
ile pana ya tabaka nyingi, inayonuka petroli,
kisha akaanza kuifunga skrubu, si kuifungua,
polepole, akihesabu kwa Kiaymara,
mpaka ikagota.
“Mmoja na nusu.” Akachukua chaki,
akaandika ukutani, kati ya deni la mtu na namba ya simu:
Rolando, 1½.
“Haipotei tena. Sasa niache nifanye kazi.”

Akafungua kikombe cha kabureta.
Boya akalitikisa karibu na sikio kama yai viza.
Akatoa jeti, shaba ndogo kuliko punje ya mahindi,
yenye tundu ambalo sikuliona
hadi alipoiinua: nukta moja ya anga.
“Mia na kumi. Mlima unataka mia na mbili.”
Nane tu! Tofauti isiyofika hata unene wa unywele,
nami nimeisukumia jasho tangu asubuhi.

Sindano akaishusha mkato mmoja.
Akawasha. Akafumba macho, kiganja juu ya tangi,
maana sikio la kushoto baruti ya mgodini ililichukua.
Akafungua robo, robo, robo tena;
ngurumo ikapanda, ikapanda, ikasita.
Akarudi nyuma upana wa ukucha. Ikatulia.
Ni sauti ambayo Rolando hakuwahi kuisikia.
Nilimwonea wivu yule mama kwa niaba ya marehemu,
kama jambo hilo linawezekana.

Hakutaka pesa, alitaka kahawa, na si kidogo.
Jeti ya zamani akaifunga kwenye kipande cha gazeti.
“Ukishuka, irudishe. Hii yangu itailaza njaa,
na injini yenye njaa hailalamiki. Inaungua tu.”

Nimeshuka. Chini ya mawingu, penye migomba,
nimeketi juu ya jiwe na bisibisi ya utepe wa bluu,
jeti nimesharudisha, mikono inanuka.
Nafunga hadi inagota.
Nafungua mmoja. Na nusu.
Nasikiliza.
Inataka kidogo zaidi.

Naipa.