Kinywa cha Kuazima

Kanzu kumi na moja kila Alhamisi usiku,
nyeupe zote, kosi ngumu kama mkate wa jana.
Nyumba hii ya Al Khoud ina vyumba vya kutosha
kupotezea sauti yako mwenyewe.
Kwa hiyo niliisema juu ya pasi
imani ya babu yangu, mwinjilisti wa Wundanyi,
aliyetuchapa kwa kila neno tuliloruka:
Namwamini (mvuke)
Muumba mbingu na nchi (geuza mkono wa kushoto).
Miezi minane bila Ijumaa hata moja,
mimi shemasi, mimi kusanyiko,
mimi mzee wa kanisa anayesinzia nyuma.

Imani ya mtu mmoja huisha kama sabuni,
hujui ilikuwa nzima siku gani.
Juma moja niliruka "akazikwa".
Nikamshusha msalabani, nikamfufua,
nikakunja kanzu, nikalala.
Asubuhi ndipo nikashtuka: sikumzika.

Bibi Shariffa ndiye aliyenisikia.
Mama yake alizaliwa Unguja;
Kiswahili chake ni cha sandukuni,
hakitoki ila kwa wageni wa heshima, na kwangu.
"We Mghoi, unasema na nani huko?"
"Nasali, Bibi."
Akaukaza mtandio, akafikiri.
"Hata sisi kila mtu hushuhudia kwa ulimi wake.
Lakini safu, mwanangu. Safu lazima ijae.
Ijumaa hii kanzu zitangoja."

Ghala, saa tisa alasiri.
Viti bado vina joto la Wamalayali,
ubaoni maandishi yao ya duara kama shanga zilizokatika uzi.
Sisi hamsini na kitu: mayaya, walinzi,
mpishi mmoja wa kambi ya mafuta na mafua yake.
Sabitina wa Bukoba akanibana begani. Tukasimama.

Nilidhani tutasema kitu kimoja.
Loh! Huku Namwamini, kule Nasadiki,
Pilato ana majina mawili, Pontio na Ponsyo,
na hakuna aliyemsamehe hata moja.
Tulipofika kwenye kanisa
kila mtu akashika njia ya kwao,
katoliki, katholiko, lililo moja tu,
kama mbuzi wanaovuka lami breki zikilia,
hadi tukakutana upande wa pili, kwenye dhambi,
zote zikiondolewa.

Kisha ufufuo wa mwili.
Hapo mdomo ukafunga.
Mama tulimzika Machi. Nasema tulimzika;
wao walimzika, mimi nilishika simu chooni,
mtandao ukakatika jeneza likiwa hewani
kati ya mikono na udongo.
Kwangu mimi hajafika chini.
Utamfufuaje ambaye hujamzika?

Sikusema. Wala sitadanganya kwamba nilitaka.
Lakini neno lilipita.
Lilipita kushoto kwa sauti ya Sabitina,
yeye husema miili, kwa wingi,
kana kwamba Mama hatatoka peke yake.
Lilipita kulia kwa dereva wa lori la maji
asiyenijua, mwenye kikohozi,
likapita juu yangu kama birika la chai
linavyopitishwa juu ya mtoto aliyelala.
Hakuna aliyegeuka kuniuliza kama naamini.
Nikawakuta kwenye Amina.

Babu alitaka kila mtoto asimame na "na" yake,
kama mtu na jembe lake.
Hakusema shamba ni la nani.

Leo Alhamisi, kanzu ya saba.
Wenzangu sijui wako wapi saa hizi,
Seeb, Barka, jikoni kwa watu, chini ya magari.
Nimepunguza moto wa pasi, naenda polepole.
Bibi Shariffa anapita mlangoni na tasbihi yake.
"Umefika wapi?"
"Kaburini, Bibi."
"Haya. Usiharakishe."