Nyota Tatu na Nusu

Mhariri anataka nyota kabla ya saa kumi.
Maneno mia tatu, amesema, na nyota;
watu siku hizi hawasomi, wanahesabu.

Filamu tuliiona Ijumaa, ukumbi wa usharika, Kiboriloni,
viti vya plastiki vya kukodi, vilevile vya misibani,
mgongoni vimeandikwa kwa rangi nyekundu KIKUNDI CHA UPENDO.
Huenda hilo lilitutibua mapema.
Ukikikalia kiti kile, mwili unaijua kazi yake.

Kisa ni chepesi: fundi nguo amefiwa na mke.
Kila asubuhi anamimina vikombe viwili vya chai,
kimoja anakunywa, kimoja kinapoa.
Saa nzima na dakika arobaini kinapoa.
Mwishoni anauza cherehani ya marehemu,
anafunga mlango, anapanda basi,
na muziki unatuarifu kwamba amesonga mbele.

Wahakiki wa Dar wamekwisha kuandika.
Mmoja: "inajikokota kama konokono aliyefiwa."
Mwingine kauita ule mwisho ushindi wa uhai, nyota tano.
Wa tatu kasifu mwanga.
Ni kweli, mwanga ulikuwa mzuri.
Hata umeme ulipokatika, mara mbili, giza lilikuwa zuri,
na katika giza la pili nikasikia uhakiki.

"Huyu baba hana ndugu?" Mama Ndeanasia huyo.
"Nani alipika? Nani aligombania jeneza?
Siku ya nne hata shangazi wa kumnyoa hakuna?"
"Analia vizuri mno," akajibu Elinami wa duka la mbolea,
"mimi nilipofiwa kamasi zilifika kidevuni."
Tukacheka. Halafu mtu mmoja safu ya nyuma
hakuacha kucheka,
mpaka tukaelewa hakuwa anacheka,
na jenereta likakohoa, picha ikarudi,
na kikombe kilikuwa bado kinapoa.

Nimeandika: uigizaji umetulia, mswada una mapengo.
Nimeandika: mwongozaji anauamini ukimya kupita kiasi.
Nikafuta kupita kiasi.
Nikairudisha.

Nyumbani kwetu Mamba, kaburi la Aikande limo kihambani,
hatua kumi na tisa toka jikoni,
nimelizungushia masale.
Nikikata mkungu kando yake husema samahani, nipishe kidogo.
Hiyo mbele wanayoisema iko upande gani?
Ukishuka ni lami. Ukipanda ni msitu,
kisha mlima, ambao juma zima hili umejifunika
na sijasikia mtu akisema umehama.

Miaka sita. Simu yake naichaji kila Jumapili.
Cherehani ya kuuza sina.
Nina dada anayesema oa, oa, utazeeka na kuku,
na yuko mwanamke wa Soweto mwenye kicheko cha kufungua madirisha,
ambaye nimemficha ile simu.
Nani ataniandika mimi? Kwa nyota ngapi?

Kuna kitu hakuna aliyekitaja, hata Mama Ndeanasia.
Karibu na dakika ya sitini, fundi anafagia,
anaokota pini iliyoanguka enzi za mkewe,
anaitazama,
anaichomeka kwenye ukosi wake mwenyewe
na kwenda sokoni kununua nyanya.
Hakuna muziki. Anapunguziwa bei.
Anarudi nayo ukosini, na hatuioni tena.

Nusu nyota ni ya ile pini.

Mhariri amepiga: alama ya nusu hatuna,
chagua, tatu au nne.
Nikamwambia basi, paache wazi.
Kacheka sana. "Gazeti haliachwi wazi, kaka.
Nikikosa nyota zako
naweka tangazo la mbolea."