Usifungue Bado

Miaka kumi na mmoja Bedfodi ya baba
imekaa uani Vingunguti, juu ya matofali,
kuku wakitagia kiti cha dereva,
mpapai ukichomoza kwenye ufa wa bodi,
kesi ikitoka Buguruni, ikipanda Kisutu,
ikishuka, ikipanda tena,
mimi na kaka Mwinjaka tukisalimiana
kwa kidevu tu, misibani.

Jumamosi hii tumemwita Sikudhani,
fundi wa Gerezani, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni,
spana ya kumi na saba kaichomeka sikioni
kama kalamu ya karani.
Hakuuliza gari la nani.
Aliuliza, "Oili mmemwaga? Tangi mmeosha?"
Kila mmoja alidhani kaosha mwenzake.

Ikaliwa asubuhi nzima.
Dizeli ya miaka ile ilitoka nyeusi, ikivutika,
inanuka kopo la rangi lililosahaulika.
Injini akaizungusha kwa mkono kwanza:
nusu duru, akasikiliza; nusu duru tena,
kama mtu anayemgusa mgonjwa bega
na hataki bado kujua.

Kisha betri mbili za kuazima, na ufunguo.

Ikakohoa. Ikagoma. Ikakohoa.
Ilipopokea, ua mzima ulipotea:
moshi mweupe, mzito, ukaruka ukuta,
ukaingia kwenye kanga za Bi Mwanakheri zilizoanikwa,
naye akatuita majina
ambayo wakili wetu hata mmoja hakuthubutu kuyatamka.

"Gasketi hiyo," akasema kaka.
"Inakunywa maji," nikasema mimi.
Mara ya kwanza kukubaliana tangu arobaini ya baba,
na tulikuwa tumekosea wote wawili.

Sikudhani aliinama nyuma ya ekzosi,
akaukinga moshi kwa kiganja, akaunusa.
"Maji ya rejeta yangekuwa na utamu puani.
Huu unachoma macho. Dizeli mbichi, haijaungua."
Akalegeza nati za mabomba ya nozo, moja moja.
Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba.
Ya tatu, kimya, haikujali.
"Huyu hapa. Nozo inakojoa, haipulizi."

Nozo ikasafishwa, moshi mweupe ukapungua.
Kukanyaga mafuta: mweusi, masizi, kama jiko la mkaa wa maji.
Akafungua chujio cha hewa.
Ndani, panya walijenga wakahama:
sufi ya kiti, nyuzi za gunia,
na nusu ya risiti ya saruji, mifuko themanini,
yenye saini ya baba bila mkia wake.
Kaka aliishika muda mrefu.
Halafu akanipa.

Ukabaki wa buluu.
Mwembamba, unaonukia oili, usiotaka kuisha.
"Ishushwe," tukasema. "Ifunguliwe yote."
"Nyie mna haraka ya kufungua," akasema,
anafuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono.
"Ringi zimeganda tu kwenye vijia vyake.
Injini ya kuunguruma uani haijitibu.
Ipeni mzigo. Mlima wa Pugu, gia ya pili, ichemke.
Ikirudi na buluu ileile, hapo nitafungua.
Usifungue bado."

Basi tukapakia yale matofali yaliyoibeba,
na mchanga wa jirani anayejenga,
kuku tukawahamishia kwenye tenga kwa ugomvi.
Kaka akashika usukani. Breki, tusizizungumze.

Upande wake kioo hakipo, kilivunjika zamani.
Cha upande wangu kina ufa, lakini kinaona.
Kwa hiyo mlima mzima, akipigana na gia,
ananipigia kelele juu ya mngurumo:

"Unatoka rangi gani?"
"Buluu."
"Sasa?"
"Buluu."
Kona. Lori la kokoto likatupita, likatupigia honi.
"Na sasa?"
"Bado buluu. Lakini barabara naiona."